Mgeni wa Kaunta Anayeacha Sahani Makusudi

Saa saba na robo mchana, mwanamke wa miaka hamsini na sita anapanda kiti kirefu cha kaunta, cha pili kutoka mwisho. Anaweka nyayo kwenye chuma cha kuegemeza miguu, kisha anavuta mkono wa blauzi ufunike saa yake. Ameshaanza kuhesabu.

Kaunta ni ya mbao iliyopigwa vanishi, na juu yake glasi zimening'inizwa kichwa chini. Mhudumu ni mmoja tu, binti mrefu aliyefunga fundo la aproni mbele badala ya nyuma. Anamimina vinywaji, anapokea maagizo ya mezani, anafuta, anaitwa huku, anaitwa kule. Kampuni inataka mgeni asalimiwe ndani ya dakika mbili. Huyu anasalimiwa dakika ya sita.

"Karibu, mama. Nisamehe, nimekuona tangu unaingia, ila mikono ndiyo haikutosha."

"Asante, mwanangu. Wala sina haraka."

Anaagiza kuku, viazi vya kukaanga na maji yenye limau. Anakula nusu, taratibu. Halafu anachukua mkoba wake na kwenda kunawa mikono, kuku akiwa bado sahanini. Anakaa huko dakika nne kamili. Anaporudi, bwana mmoja mwenye tai ameshika kiti chake.

"Hapo pana mtu, baba," binti anasema, bila kuinua macho kutoka kwenye glasi anayofuta.

"Mtu yuko wapi? Mimi naona kuku."

"Kuku hakuja mwenyewe, baba. Mwenyewe yuko njiani."

Bwana anacheka, anasogea. Mwanamke anakaa na kukuta sahani yake imefunikwa kwa sahani nyingine ili chakula kisipoe. Anakula mpaka mwisho, anashukuru, anatoka.

Hiyo ndiyo kazi yake. Wenzake ofisini humwita Mama Dakika. Ni mgeni wa siri wa kampuni moja ya migahawa yenye matawi kila pembe ya dunia. Kwa miaka tisa amesafiri peke yake, nchi kumi na nne, akikaa kwenye kaunta za baa zao na kulinganisha huduma. Aproni ni zilezile, orodha ya vyakula ni ileile, hata viti vimetoka kiwanda kimoja.

"Kinachobadilika ni yule aliyesimama upande wa pili," anasema.

Dada yake mkubwa humtania kwenye simu. "Wenzio wanazunguka dunia kuona milima na majumba ya wafalme, wewe unazunguka kuona kaunta. Ukirudi utatusimulia nini, vitambaa vya kufutia?"

"Hata navyo vinatofautiana, dada," hujibu.

Na kweli vinatofautiana. Kuna nchi ambako anakaribishwa kabla hajakaa, na kitambaa kinanukia sabuni. Kuna nyingine ambako mtu akija peke yake hupelekwa kiti cha mwisho kabisa, jirani na mlango wa choo, kana kwamba upweke unaambukiza. Kuna tawi mhudumu alimhadithia ugomvi wake na mama mkwe tangu supu mpaka kahawa. Huyo alimpa alama zote za ukarimu.

Hulipwa kwa ripoti. Tiketi na kitanda ni vya kampuni, lakini mwezi ukiwa na ripoti chini ya kumi na mbili, akishalipa kodi ya nyumba hubakiwa na nauli ya basi tu.

Kabla ya hapo alisimama nyuma ya kaunta ya kampuni hiyohiyo miaka kumi na tisa, mpaka goti la kushoto likagoma. Msimamizi wake hakutaka kuyapoteza macho yake yaliyoona kila kitu, akampa fomu na tiketi ya kwanza.

Fomu ina maswali thelathini na mawili. Sakafu kavu? Glasi haina alama za vidole? Mhudumu ametabasamu? Kwenye hilo la tabasamu ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo akilisimulia huacha kula.

Mwaka wake wa tatu alihudumiwa na mama mmoja mwepesi, msafi, aliyefumba mdomo muda wote. Akajaza: hapana. Mwaka uliofuata alirudi, akakuta sura nyingine, akamuuliza mpishi.

"Yule alianguka ngazi, akang'oka meno mawili ya mbele," mpishi alimwambia. "Alikuwa anatabasamu, mama, ila midomo ameibana. Wakasema ana alama mbaya, wakamwachisha."

"Nilimwondoa mimi," anasema Mama Dakika. "Fomu iliniuliza meno, nikajibu meno."

Tangu siku hiyo alianza kuandika pembeni ya karatasi yale ambayo fomu haikuuliza. Na jambo lililojaza pembeni kuliko yote lilimpata yeye mwenyewe mwaka wa tano, kwenye tawi karibu na stesheni ya treni. Alikuwa ametoka safari ya saa kumi na moja, njaa inamuuma. Alipotoka kunawa mikono alikuta sahani imeondolewa na mtu mwingine amekalia kiti chake. Mhudumu alimtazama kama hajawahi kumwona.

"Nilisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba siyo," anakumbuka. "Mwenye wenzake akiinuka, wenzake wanamlindia. Aliye peke yake akiinuka, basi, ameshafutika machoni pa watu."

Na fomu? Tawi lile lilipata alama ishirini na tisa kati ya thelathini na mbili.

Kuanzia hapo, kila tawi anaacha sahani makusudi. Katika matawi arobaini ya kwanza, ishirini na matatu yaliiondoa. Yote aliyaandika pembeni, mpaka ofisi ikachoka. Mwaka jana ilikuja barua: fomu inahamia kwenye simu, pembeni hakuna tena, na atakayeongeza maneno yake ataondolewa kwenye orodha.

Hakutia saini ya kukubali. Alikwenda kwa mkuu wa huduma, bwana mnene mcheshi ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hajala peke yake tangu aoe.

"Mama Dakika, mtu akimaliza, sahani inaondolewa. Tatizo liko wapi?"

"Nani kakwambia amemaliza?"

"Si ameinuka!"

"Basi nenda wewe, bosi. Peke yako, bila tai, bila dereva, kwenye tawi wasilokujua. Ule nusu, uinuke. Ukirudi ukakikuta chakula chako, naacha kazi, na barua ya kuacha naiandika mwenyewe."

Mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Siku tatu baadaye, Mama Dakika akiwa anaanika nguo, simu ikalia. Hakukuwa na salamu.

"Mama, nilikuwa bado nakula."

"Na kiti, bosi?"

"Kakaa bwana mmoja na gazeti lake. Kaniambia nitafute pengine."

Ndivyo lilivyozaliwa swali la thelathini na tatu: mgeni aliye peke yake akiinuka, chakula na kiti chake vinalindwa? Lakini mkuu hakulitoa bure. Matawi yote yameelezwa swali hilo mara moja tu, na Mama Dakika anayapima kumi na mawili. Yakifaulu tisa, swali linabaki. Yasipofika tisa linafutwa, na yeye ameahidi kuondoka nalo.

Tawi la leo ni la kumi. Mpaka asubuhi yaliyofaulu yalikuwa sita.

Amekaa sasa kwenye benchi nje ya mgahawa, miwani puani, anajaza kwenye simu. Amesalimiwa ndani ya dakika mbili? Kidole kinasimama. Binti ataulizwa kwa hilo, na hakuna mahali pa kuandika kwamba alikuwa akihudumia peke yake. Anapiga moyo konde, anabonyeza hapana.

"Nikidanganya kwenye salamu," anasema, "nani ataniamini kwenye sahani?"

Kisha swali la mwisho. Anabonyeza ndiyo. Saba.

Yamebaki matawi mawili, na yote mawili lazima yafaulu. Kesho saa mbili asubuhi anapanda ndege kwenda la kumi na moja. Swali likibaki, ataomba aache usiri, awafundishe wahudumu wapya. "Miaka tisa naingia kama mwizi," anasema. "Nataka niingie mlangoni najulikana, nivae aproni, niwaonyeshe."

Na lisipobaki?

Anavua miwani, anaipangusa kwa upindo wa blauzi.

"Nitaomba kazi kampuni nyingine. Nao wana kaunta, na watu wanaokula peke yao hawaishi."