Siku ya Kulungu

Sikusoma chuo. Ninayoyajua kuhusu Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala na nchi jirani, niliyasoma mwenyewe kwenye simu, ndani ya basi la kwenda Malton, huku ughaibuni, kwenye ghala la mizigo ninakofanya kazi. Nilianza kwa hasira. Kanisani kwetu, tunakosali kwa Kiswahili, watu waliamini kwamba Wamaya walitabiri mwisho wa dunia, kisha wakatoweka wao. Nilitaka siku moja niwanyooshe wote, bila kosa hata moja. Kosa dogo tu hunikosesha usingizi.

Ghalani nilikuwa na rafiki mmoja, dada kutoka Guatemala niliyekula naye chakula cha mchana. Ni Mmaya. Nilimsihi wiki nyingi aje kanisani, na Jumapili moja akaja. Sitajificha: sikumwalika asali. Nilitaka awe ushahidi wangu.

Kwetu mgeni husimama asalimie, na aliyemleta humtafsiria. Nikashika kipaza sauti. Aliposema yeye ni Mmaya, mzee mmoja wa kiti cha mbele akadakia, "Si wale wa mwisho wa dunia? Nilijua walishakwisha!"

Watu wakacheka. Nilipomtafsiria swali, naye akacheka, akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Tupo wengi. Kalenda ya kale ilimaliza duru moja, ikaanza nyingine, basi. Nyumbani bado tunahesabu siku, kila moja na jina lake. Leo ni siku ya Kulungu. Bibi yangu ameniambia asubuhi kwa simu."

Lakini programu ya kalenda ya Wamaya kwenye simu yangu ilisema ni siku ya Nyoka. Nilikuwa nimeikagua mara tatu kabla ya ibada.

"Anasema leo ni siku ya Nyoka," nikatafsiri.

"Nyoka? Humu kanisani?" mzee aling'aka. "Ashindwe!"

Mama mmoja wa kwaya, anayetunza wazee na kujua Kiingereza kunizidi, akapaza sauti: "We binti, mbona amesema kulungu? Unamtafsiria au unamsahihisha?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Rafiki yangu akanigeukia. "Umewaambia nini?"

"Nimerekebisha kidogo tu. Ile siku..."

"Umemrekebisha bibi yangu?"

Alikaa mpaka mwisho, akapeana mikono na watu, akapanda basi peke yake. Nyumbani nilisoma tena, nikaona: wasomi hawakubaliani jinsi ya kulinganisha kalenda ile na yetu, na programu yangu ilifuata hesabu iliyo nyuma kwa siku mbili. Bibi, ambaye watu wake hawakuwahi kuacha kuhesabu, ndiye aliyekuwa sahihi.

Kesho yake rafiki yangu alikula meza nyingine. Nikaanza kumwandikia ujumbe wa kuomba radhi. Niliufuta, nikauandika upya, wiki tatu nzima, maana kila sentensi niliiona ina kasoro. Ulipokuwa tayari, alikuwa amehamia ghala jingine, na namba yake haipatikani.

Ujumbe bado ninao. Jana niliufungua, nikaondoa mkato mmoja.