Ubao Mmoja Umeoza, Kanisa Zima Limehukumiwa

Saa moja asubuhi, fundi seremala amebandika sikio kwenye ukuta wa kikanisa cha mbao, anagonga kwa mpini wa patasi. Ko, ko, ko. Anasogea hatua moja, anagonga tena.

"Shemeji, utalibomoa wewe kabla ya kamati," katekista, mdogo wa marehemu mume wa fundi, anamtania huku akiendelea kufagia.

"Nyamaza, namsikiliza mgonjwa wenu," anajibu mama huyu wa miaka hamsini na minane. Hacheki.

Kikanisa chenyewe ni kidogo: hatua tisa mpaka altareni, mabenchi manane, kengele moja. Kuta zilijengwa bila msumari hata mmoja. Kila ubao ulichongwa ulimi, ukaingia kwenye tundu la mwenzake, ndiyo maana mbao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua bila kupasuka. Baba mkwe wa fundi ndiye aliyemfundisha kulitunza jengo hili, na ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita.

Sasa kamati ya ujenzi inataka libomolewe Jumatatu ijayo, lijengwe la matofali. Sababu? Mkaguzi alikuja, akachoma bisibisi kwenye ubao mmoja kando ya mlango, ikazama mpaka kwenye mpini. Akaandika, "Jengo limeoza," akapanda gari, huyoo! Ubao wa pili hakuugusa.

Na ubao wenyewe, jamani, si wa zamani! Una miaka minne tu. Aliuweka mkandarasi aliyeletwa na kamati hiyohiyo: ubao laini, mbichi, akaupigilia misumari na kuupaka rangi nzito ya mafuta. Unyevu ukakosa pa kutokea.

"Niliwaambia utaoza," anasema fundi, sauti ikipanda. "Mwenyekiti akanijibu, 'Mama, kaa pembeni, waachie mafundi.' Mafundi! Mimi ni nani basi, mchemsha chai?"

Mwenyekiti alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, alitabasamu. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema.

Fundi akipelekewa jibu hilo, anaweka patasi chini. "Tangu lini mbao zikavuliwa kwa nyavu? Hizi zilikuwepo hapa kabla yeye hajabatizwa. Na alibatizwa humu humu!"

Inakera, tena inauma. Aliyeharibu hakuulizwa neno, aliyetunza anaambiwa akae pembeni.

Padri amempa dakika tano Jumapili, baada ya matangazo, kabla waumini hawajapiga kura ya kulibomoa kanisa au kuliacha.

"Sina hotuba," anasema. "Nitawaomba wainuke, kila mtu aende ukutani akandamize kidole gumba kwenye ubao anaoutaka yeye. Na wewe, shemeji, uliyekaa kimya kwenye vikao vya kamati, utaanza."

Ufagio wa katekista umesimama. Fundi anamtazama mpaka anaitikia kwa kichwa.

"Wakishagusa, wapige kura. Wakitaka kulibomoa, walibomoe, lakini wakijua kwa vidole vyao kwamba ni zima."