Kaban Isiyo na Nakshi

Leo asubuhi nimepita karakana ya seremala, na harufu ya vanishi mbichi ikanisimamisha mlangoni.

Harufu hiyo niliisikia mara ya kwanza nilipokuwa mtoto. Habaryar, mama yangu mdogo, alinichukua hadi kambi ya Dagahaley kwa mzee mmoja aliyetengeneza kaban, ala ya nyuzi ya kwetu, kwa mikono yake. Habaryar alikuwa akipiga harusini mpaka alipovunjika mkono. Mfupa uliunga, ila vidole vilibaki vimekakamaa, na hakugusa tena uzi.

Mzee aliweka kaban tatu mkekani. Mimi niliipenda yenye nakshi, lakini Habaryar aliniambia nilaze shavu mgongoni mwa kila moja wakati mzee anapiga. Ile isiyo na nakshi ilitetemeka mpaka kwenye meno yangu.

"Hii," nikasema.

"Mtoto ana sikio," mzee akasema, akampa Habaryar ile kaban. "Jaribu, abaayo, dada yangu."

Kijiti cha kupigia kilimponyoka Habaryar. Akakiokota, kikamponyoka tena.

"Adeer, tuache tu," akamwambia mzee kwa heshima.

Mzee alichukua kipande cha pembe ya ng'ombe, akakichonga kiwe kijiti kinene, akakilainisha kwa msasa.

"Shika hiki."

Hakikuponyoka. Habaryar alipiga polepole, akakosea, akarudia. Mwanamke aliyekuwa akipita na madumu ya maji aliyatua, akasikiliza hadi wimbo ukaisha.

"Ifunge vizuri, adeer," Habaryar akasema, akifuta macho kwa ncha ya shungi. "Ijumaa kuna harusi Garissa."