Miji Mitano, Siku Tisa, na Saa Nne ya Kisauni

Kabla sijafika Ulaya nilikuwa nimekwisha kwenda mara kumi na nne, zote kwa penseli. Nilikuwa karani wa ofisi moja ya mizigo ya meli Kilindini, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Kila jioni nikivuka feri kurudi kwetu Likoni nilikuwa na kitabu cha ratiba za treni za Ulaya kwapani. Kilikuwa kimepitwa na miaka miwili. Bwana mkubwa wetu alikitupa kapuni nami nikakiokota. Ningeweza kukitia mfukoni. Lakini nilikibana kwapani, jalada likitazama watu, na mtu akiniuliza ni kitabu gani nilimjibu kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa feri.

Mambo yalikuwa hivi. Uhuru ulikuwa unanukia, Wazungu wa ofisini wakifunga masanduku mmoja mmoja, na viti vyao vikitafuta makalio. Tukachaguliwa wawili twende Uingereza miezi sita kujifunza kazi ya ukubwa. Barua ilisema tutaondoka mwanzo wa mwaka, na wakati wa Pasaka tutapewa mapumziko ya siku tisa. Mwenzangu, Mkristo wa bara aliyekuwa akikaa Changamwe, aliisoma barua ile akauliza habari za mshahara. Mimi niliona siku tisa tu. Wallahi, mtu hata Uingereza yenyewe hajaiona, tayari anapanga kuitoroka!

Nikaamua: Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani, Luksemburg, Ufaransa. Nchi zile kwenye ramani zimebanana mno, mtu akipiga chafya Brasels, wa Luksemburg humwombea rehema. Miji mitano kwa siku tisa. Nilichora mistari, nikafuta, nikachora tena, mpaka ramani ikatoboka pale penye Ubelgiji nikawa naipita nchi nzima kwa tundu.

Mamangu alinitazama siku nyingi. Siku moja akauliza huko kwenda kutembea ni majira gani. Barua iliyataja kwa Kiingereza, na kamusi yangu ya shule ilisema ni masika, basi nami nikajibu, "Masika, mama."

"Masika? Watu wenye akili zao masika hukaa ndani, wewe ndipo utoke ukatembee?"

"Masika ya Ulaya si ya mvua, mama. Ni ya maua."

"Na hayo maua yasiyo mvua hunyweshwa na nani?"

Kesho yake nikanunua mwavuli, nikauficha ofisini asiuone.

Mwenzangu wa Changamwe naye hakuniacha. Mji wa Ujerumani niliouchagua nilikuwa nikiutamka Koloni, maana ndivyo nilivyodhani unatamkwa. Akacheka mpaka akashika meza. "Sisi sote twangoja Uhuru tutoke ukoloni," akasema, "wewe walipa nauli yako mwenyewe uingie Koloni!" Kisha akanichomea kwenye kidonda. "Na hizo saa? Treni ya huko imeandikwa saa kumi na sita. Utatoa sita kichwani, upate saa kumi. Halafu utasahau kwamba umeshatoa, utoe tena, upate saa nne. Utabaki stesheni na mwavuli wako."

Maneno yale yaliniingia. Ni kweli, sisi huhesabu saa tangu jua litoke na tangu jua litue, nao huhesabu tangu watu wamelala, sijui kwa nini. Nikajiambia: dawa si kutoa sita wala kujumlisha sita, dawa ni kuhama. Nitaishi kwa saa za Kizungu tangu sasa, usingizini na macho, ili nikifika Ulaya nisihesabu kitu. Nikaigeuza saa yangu ya mkono, na kichwa changu nikakigeuza pamoja nayo.

Nyumbani kukawa vurugu. Namwambia mama nitakula saa saba, nikikusudia jioni baada ya Magharibi. Yeye maskini anaandaa adhuhuri, wali unapoa na nzi wanapata sherehe. Nikirudi ananiuliza, "Saa saba ya nani?" Mimi najibu kwa upole wa mtu aliyesoma, "Saa saba ya dunia, mama." Laiti angenizaba kofi siku ile. Angeniokoa na makubwa.

Kwa maana wakati huohuo nilikuwa nataka kuoa. Palikuwa na binti mmoja wa Kisauni, rafiki wa dada yangu, aliyekuwa akifundisha watoto wa kike Kurani. Alikuja Likoni kwenye arusi ya dada, akanisikia nikiwaeleza wageni habari za treni za Uholanzi, akauliza kwa utaratibu kabisa, "Na huko Uholanzi, wanaokusikiliza huruhusiwa kwenda kulala?" Watu wakacheka. Mimi nikapenda, nikapenda mpaka nikaona haya kumtazama dada. Nilimpenda kuliko miji yote mitano. Lakini nilipopata habari kwamba kuna posa nyingine imekwisha kubisha hodi kwao, ya fundi wa reli wa Mikindani, mtu mzima mwenye kazi na nyumba, nilijua kwamba nikiondoka sijaposa nitarudi nikute ana mtoto. Nikamwendea baba.

Baba alikuwa mkulima wa minazi na mihogo, mtu wa maneno machache na miguu mirefu. Alinisikiliza, akasema haya. Akatuma mtu wa kati kwenda Kisauni, na jawabu likarudi: wazee waje Jumapili, lakini waandike watafika lini, ili ndugu wa bibi arusi wakusanyike. Baba akaniita.

"Labeka, baba."

"Hati yako ni nzuri kuliko yangu. Waandikie tutaswali Alasiri msikiti wa kwao, kisha tuje nyumbani."

Sasa tazama upumbavu wa mtu aliyesoma. Maneno yale ya baba hayakuwa na tundu. Msikiti wa kwao ulikuwa palepale, adhana yao waliijua, hata kiziwi angefika kwa wakati. Lakini mimi niliyaona ni maneno ya shamba. Baada ya Alasiri! Treni gani Ulaya inaondoka baada ya Alasiri? Nilikaa mezani, nikapiga hesabu, nikaandika kwa wino mweusi, kwa mkono wangu bora, kwamba wazee watawasili Jumapili, saa nne kamili. Neno "kamili" nikalipigia mstari. Nikaipeleka barua nikiwa na furaha tele.

Jumapili baba alivaa kanzu aliyoiweka kwa mambo makubwa, akaondoka na ami yangu na wazee wengine wawili. Kutoka Likoni hadi Kisauni ni safari: feri, kisha mji mzima, kisha lile daraja la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Baba hakuwahi kuchelewa maishani mwake, kwa hiyo walitoka mapema, wakafika, wakaswali Alasiri pale msikitini kama alivyosema. Kwa desturi zetu mposaji haendi. Nilibaki nyumbani na ramani yangu, nikitafuta treni ya kutoka Luksemburg kwenda Paris ambayo haisimami njiani.

Walirudi jua limetua. Ami aliingia kwanza, na uso wake ulinipa khofu. Akanihadithia amesimama. Walikuta mlango umerudishwa, mikeka imekunjwa, masufuria yameoshwa yanakauka uani. Ndugu wa binti walikuwa wamekuja tangu asubuhi, wengine kutoka Ziwa la Ng'ombe, wengine kutoka Mkomani, wakangoja saa nne, saa tano, saa sita. Adhuhuri ikaadhiniwa. Biriani likaliwa kwa hasira, watu wakaenda zao wakisema watu wa Likoni wamewadharau. Wazee wetu wakasimama pale barazani kwa watu, wamevaa vizuri, hakuna aliyewaambia karibu.

"Wewe uliandika nini?" ami akaniuliza.

"Saa nne," nikasema, na neno lilipotoka nikalisikia kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili. Saa nne. Asubuhi, watu wakinywa chai ya pili. Toba! Nikakaa juu ya ramani.

Baba alikuwa anavua viatu mlangoni. Akasema, "Alasiri niliyokupa uliipeleka wapi?" Ami akafungua kinywa aseme zaidi, baba akamkatiza: "Basi. Limekwisha." Akaenda kutawadha. Kilichosemwa baada ya hapo kule barazani Kisauni, nani alisema nini, sikuambiwa, na ami tangu siku ile alinitazama kama mtu aliyefungwa kinywa.

Sikulala. Si kwa ajili ya Ulaya mara hii. Nilimwona fundi wa reli wa Mikindani amekaa juu ya ile mikeka, imekunjuliwa kwa ajili yake. Asubuhi nikamwambia baba nakwenda Kisauni mwenyewe, nikaungame. Akasema, "Usiende. Acha mambo yapoe." Nikaenda. Sikwenda ofisini, nilikwenda Kisauni, na njia nzima nilipanga maneno: kwanza nitaomba radhi, kisha nitaeleza habari ya saa na treni na ujinga wangu wote, mwisho nitasema baba yangu hana kosa, alitaja Alasiri, mimi ndiye niliyemvunjia heshima yeye na nyinyi.

Babake binti alinipokea barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika, "Marahaba," akaniamuru niketi. Nilipokuwa nakusanya pumzi za kuanza, akaniwahi.

"Kijana, usijisumbue. Barua yako tuliipata na ilikuwa sawasawa. Mzee wako mwenyewe jana alitueleza, hapohapo ulipoketi. Alisema wewe uliandika saa nne na ukamsomea saa nne, ila yeye mtu wa shamba, saa haijui, huenda kwa jua na adhana. Akachanganya. Akatuomba radhi, tena mbele ya vijana wadogo." Akacheka kwa huruma. "Tulikasirika, nisikufiche. Lakini mtu mzima akikwambia sijui, utamfanya nini? Wazee wetu ndivyo walivyo. Posa tumeipokea."

Baba yangu ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Alichora uso wa saa kwa mkaa ndani ya kifuu cha nazi, akatumia njiti mbili za kiberiti, moja ameikata iwe fupi, na kila siku baada ya Isha alizisogeza akaniuliza ni saa ngapi, mpaka nikajua. Nilikuwa na miaka sita.

Maneno yangu yote matatu yalikuwa tayari kinywani. Nilitakiwa kuyatoa tu. Lakini nyuma ya pazia nilisikia kicheko kidogo ninachokijua, na babake alikuwa amesema posa imepokelewa, na nikaona nikisema kweli huenda isipokelewe tena.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ndivyo walivyo."

Nikashukuru, nikanywa chai yao, nikarudi Likoni. Baba hakuniuliza nilikwenda kusema nini, nami sikumwambia. Alikuwa anapalilia mihogo. Nikachukua jembe nikapalilia pembeni yake, karani mzima na viatu vya ofisi, tukamaliza matuta matatu.

Nilikwenda Ulaya. Miji mitano kwa siku tisa, sikukosa treni hata moja, na kila mji ulininyeshea. Koloni walikuwa wakiitamka vingine kabisa. Nilimuuliza mwenye kukata tikiti mara nne naye hakunielewa hata mara moja. Nilisimama mbele ya majumba makubwa nikajisemea, haya ndiyo uliyoyataka, tazama basi. Nikatazama. Nilirudi miezi michache kabla ya Uhuru, na arusi ikawa Kisauni.

Siku ya nikaha, tulipotoka msikitini tulikalishwa ukumbini kwa kina bibi arusi tukingoja. Pale ukutani palikuwa na saa kubwa ya mbao. Kaka mkubwa wa mke wangu, kijana mwenye adabu, hakuwa na ubaya wowote moyoni, alimshika baba mkono akamsogeza karibu na ile saa.

"Baba, nikuonyeshe, ni rahisi," alisema. "Huu mshale mfupi ndio saa. Huu mrefu ndio dakika. Sasa umeona, mfupi uko hapa?"

Watu ukumbini walikuwa wakitabasamu. Baba aliinama kidogo, mikono nyuma, akautazama ule mshale kwa makini sana.

"Huu mfupi?"

"Naam, huo."

"Lo," akasema baba. "Ahsante sana, mwanangu. Hakuna aliyewahi kunionyesha."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na joho langu, na kilemba changu, bwana arusi. Aligeuka akanitazama, akaona ninataka kuinuka. Akatikisa kichwa, kidogo tu, nikae. Nami nikakaa.