Kadena ya Fundi

Katika ofisi ya wafanyakazi ya mgodi mmoja hapa Kolwezi, nilikokwenda kutafuta habari za gazeti, fundi wa makamo aliyenitangulia kwenye foleni hakutulia: goti linacheza, vidole vinazungusha kofia. Akampa karani cheti: daktari amegundua akili yake haitulii tangu utotoni, na kazi imemmaliza, apumzike.

Karani akashangaa. "Tata, kutotulia si mambo ya batoto?"

"Nilizaliwa nayo, mama. Njo sasa munganga anaipa jina. Nilijikaza batu basione, mpaka nguvu ikaisha."

"Lakini unaonekana muzima. Rudi ku kazi kesho."

Fundi akatoa kufuli lake jekundu, akaligonga kwenye kaunta. "Nikitengeneza mashini, naifunga na hii kadena, mutu asiiwashe. Hata chef, mukubwa wa kazi, hasemi: inaonekana muzima, iwashe!"

Karani akacheka, kisha akachukua muhuri.

Simu yangu ikaita mfukoni: mhariri wangu, akidai kazi nyingine. Kadena sina. Nikaizima.