Koti la Bwana wa Kwenye Miwani

Fundi Gasana wa Nyamirambo amekata suti miaka thelathini na nane, na kwa kukosoa nguo za watu hana mshindani. Bwana harusi akipita na suruali fupi, atamwambia kabla ya kumpa hongera. Basi nimonia ikamlaza wiki tatu kwenye mashine ya kupumulia. Alipozinduka, ulimi ulikuwa mzima; miguu ndiyo ilikataa katakata.

Nguo hukatwa kwa kusimama. Alilijua hilo, na aliogopa, aliogopa hasa, ingawa hakumwambia mtu. Mkewe, Mama Shami, kwa huruma zake akamweleza kwamba ameshamnunulia kiti cha mlangoni, awe anakaribisha wateja tu.

"Mimi nimekuwa bango?" Gasana akafoka.

Mtaalamu wa mazoezi, Kellen, binti aliyekulia Uganda, alimletea miwani mikubwa ya mchezo. Ukiivaa unajiona bustanini, na unatakiwa uinuke kitini uchume matunda. Siku nne Gasana hakuchuma hata moja. Eti shamba la nani? Mwenyewe karuhusu? Visingizio vitupu, magoti yalikuwa hayambebi.

Siku ya tano Kellen akabadilisha mchezo. Safari hii akatokea bwana mmoja mwenye koti la buluu, ananyoosha mikono kuonyesha mazoezi.

"Mzee, fanya kama yeye."

"Alaa! Huyu kashonewa na nani?"

"Ni mchezo tu, Mzee. Huyo mtu haiko."

"Koti liko! Bega la kushoto limeporomoka, mkono umeishia karibu na kiwiko. Na hana haya, anatufundisha! Hebu sogea hapa, bwana."

Bwana hakusogea. Gasana akashika kiti kwa mikono miwili, akaguna, akamfuata. Akanyoosha mkono alipandishe lile bega, akaukamata ukosi wa Kellen, aliyekuwa amejiweka tayari kumdaka.

"Tulia! Usijitingishe, nakupima."

"Mungu wangu," Kellen akasema kwa sauti ndogo. "Mzee, umesimama."

Akamvua miwani taratibu. Kweli, kiti kilikuwa nyuma, na miguu, yake mwenyewe, ilikuwa sakafuni inatetemeka. Huko koridoni Mama Shami alisikika akiwasalimia wauguzi, anakuja na chupa ya uji.

"Inatosha, Mzee. Kaa upumzike."

"Sikai," Gasana akasema, machozi yanamtiririka wala hayafichi. "Ngoja kwanza mke wangu anione."