Mwana wa Tulizo

Kama uliolewa Mombasa miaka ya themanini na tisini, na hina ikakukoza mpaka mawifi zako wakanuna, basi huenda ni Mahfudha binti Aidarus wa Kibokoni aliyekupaka. Alikuwa na mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Bi harusi akilia, atamchekesha. Mama wa bi harusi akijitia kujua, atanyamazishwa kwa neno moja, na malipo atatoa vilevile.

Yeye mwenyewe ndoa haikumkalia. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa, akaenda Malindi kuoa mwingine, na Mahfudha akasema heri iwe na wote. Haukupita muda, dada yake Swabaha akafariki akaacha kitoto cha kiume, Mzamil, hata kutambaa hakijaanza, na baba yake yuko Arabuni huko hana habari. Mahfudha akakibeba akaenda nacho nyumbani. Alikilea kwa pesa za hina: chuo cha Kurani, skuli, sare, viatu, mpaka kikawa kijana, kijana akawa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Alimwita Mahfudha Mama. Hakumjua mama mwingine.

Sasa sikiza. Mahfudha alikuwa na nyumba, urithi wa babake, na sheria yetu ya mirathi haina kona: mtoto wa dada harithi wakiwapo watoto wa ami. Angekufa leo, nyumba ingekwenda kwa watoto wa ami zake walioko Lamu, watu ambao hata Idi hawamjulii hali. Jambo hilo lilimkosesha raha miaka. Akauliza wajuzi, akaambiwa ndia ipo: ampe mwenyewe angali hai, iwe hiba, iandikwe mbele ya mashahidi. Akaazimia. Mzamil hakumwambia, alitaka siku moja amtilie hati mkononi aone uso wake utakavyokuwa. Kilichobaki ni pesa za wakili, na hizo alijua ziko benki, kwani kila msimu wa harusi ukimalizika hupeleka.

Siku aliyokwenda kuzitoa, hazikutosha.

"Angalia tena, mwanangu," alimwambia karani wa dirishani. "Hizi si zangu, za mtu mwingine hizi." Karani akampa karatasi ya hesabu, akamwambia akaitazame nyumbani, watu nyuma ni wengi. Nyumbani Mahfudha akavaa miwani. Na kweli, kila mwezi, tarehe ileile, pesa zimetoka, na kila mahali pameandikwa maneno mamoja: S/O TULIZO.

Utacheka, lakini ungekuwa wewe je? Karatasi zote za serikali alizowahi kuzishika ziliandikwa hivyo. Yeye alikuwa Mahfudha D/O Aidarus, yaani binti Aidarus. Mumewe alikuwa fulani S/O fulani, yaani mwana wa fulani. Basi hakuwa na shaka hata chembe. Kuna mtu anazila pesa zake, na mtu huyo ni mwana wa Tulizo.

"Mejumaa!" alimwita jirani yake kwa dirisha. "Wamjua mtu aitwaye Tulizo mji huu?"

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui. Najua ana mtoto mwizi."

Mejumaa akafikiri. "Kuna Bi Tulizo wa Makadara, yule muuza viazi vya karai. Lakini yule hana mtoto, ana paka."

Makadara alikwenda hata hivyo, akamsimamia yule mama mbele ya wateja akamdai mwanawe. Maskini mama wa watu akaapa kwa Mungu na Mtume kwamba hajapata kuzaa, na mwisho akamfungia viazi vya bure ili aende zake.

Asubuhi yake akarudi benki amefura. Akapelekwa kwa Dama, msichana wa Kigiriama, mpole, aliyemwondokea na kumpa kiti.

"Namtaka huyo mwana wa Tulizo ashikwe leo," alisema Mahfudha.

Dama aliitazama karatasi, akauma mdomo asicheke. "Mama, niwie radhi. Hii hapa si 'mwana wa'. Ni agizo la kudumu, kwa Kiingereza 'standing order', huanza na herufi hizohizo. Mwenye akaunti hutuandikia kwamba kila mwezi tutoe kiasi fulani tumpelekee fulani, nasi hutoa mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Na Tulizo si mtu. Ni kampuni ya bima."

"Na nani aliyewaandikia?"

"Ni wewe, Mama."

Akaileta fomu yenyewe. Pale chini palikuwa na sahihi yake, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa na babake, na hakuna mtu Mombasa nzima awezaye kuiiga. Mahfudha akaifuata kwa kidole. Alikuwa ameikumbuka siku yenyewe. Alikuwa yuwatoka mbio kwenda kumpaka bi harusi Kizingo, Mzamil akamzuia mlangoni na karatasi za Kiingereza: "Mama, tia sahihi hapa, na hapa. Ni maombi ya simu ya nyumbani." Simu haikuja, na yeye hakuuliza, kwani miaka ile watu walikuwa wakiomba simu wakangoja mpaka wakasahau kama waliomba. Na kuuliza kwani aulize nini? Aliyemletea ni Mzamil.

Dama alimwelekeza ofisi ya Tulizo. Huko kijana mmoja aitwaye Morgan akalifungua jalada.

"Hii ni bima ya maisha yako, Mama. Siku ukifariki, sisi tunalipa."

"Mwamlipa nani?"

"Mzamil. Ameandikwa hapa, uhusiano: mwana."

Neno hilo, mahali pengine popote, lingemliza kwa furaha. Pale lilimchoma. Akamwambia Morgan aifute bima hiyo papo hapo, na Morgan alipoanza kueleza hasara yake, akamtazama jicho moja tu. Akaifuta. Kisha Mahfudha akarudi benki kwa Dama akalikomesha na lile agizo.

Mzamil alimkuta ukumbini, hajapika.

"Simu yetu i wapi?" alimuuliza.

Alipoziona karatasi mapajani mwake, hakuuliza simu gani. "Mama, si wizi. Ni kidogo kidogo. Ningekwambia ni bima ungesema ni haramu."

"Ningesema. Pesa ni zangu, na roho ni yangu."

"Na mimi je?" alisema Mzamil. Hakupaza sauti; alisema kama mtu aliyeyafikiri siku nyingi. "Wewe ukifa mimi sina changu hapa. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wangu wa chuo. Watoto wa ami zako watakuja wanitoe na godoro langu, na hakuna wa kuwazuia. Kwa sheria, Mama, mimi si mwanao. Nilijikinga tu."

Lo! Shukrani ya punda. Angemwibia, angesamehe siku hiyohiyo. Lakini yeye miaka yote hii amekuwa akitafuta pa kumweka mtoto huyu, na mtoto akitafuta atapata nini yeye akifa. Na maneno wameyauliza yaleyale, kila mtu kwa siri yake.

"Zile pesa ulizokuwa ukizitoa," alisema, "zilikuwa za wakili. Nilikuwa nakuandikia nyumba hii. Hiba. Mashahidi nimeshawaambia."

Mzamil alikaa chini, sakafuni. Akamshika miguu. "Wallahi sikujua. Mama, nisamehe. Mama..."

Mahfudha aliitoa miguu yake mikononi mwake, polepole, bila kumsukuma.

"Usiniite Mama," alisema. "Mimi ni khalati yako, dada wa mamako. Uliiuliza sheria, ikakujibu. Basi tuishike sote wawili."